Mpira Uliopakwa Dawa ya Viatu

Harufu ndiyo iliyomchongea. Karakana yetu ina harufu zake na mimi nazijua zote: grisi, petroli, rangi mbichi, jasho la baba yangu. Tangu Jumanne kulikuwa na nyingine mpya, ya oili tuliyokinga kwenye beseni kutoka kwenye mguu wa zamani wa ile boti, nyeupe kama uji uliochacha, ikinuka yai viza. Hiyo ilinitia kichefuchefu hata mimi niliyekulia humu. Lakini Alhamisi asubuhi, nilipolala chali chini ya boti na kuinua tochi, nilinusa kitu ambacho hakikuwa na kazi yoyote pale. Nilinusa viatu. Viatu vya mtu anayekwenda kwenye usaili.

Boti yenyewe ilikuwa ya mbio, ya zamani, ndefu na nyembamba, yenye mstari mwekundu uliopauka ubavuni. Marehemu baba wa mchumba wangu aliinunua enzi za ujana wake, akaifurahia, akaichoka, akaiacha juu ya trela chini ya turubai. Injini yake imo ndani. Nyuma kabisa, kwa nje, ndipo unaponing'inia ule sisi mafundi tunaouita mguu: gia, shafti na propela katika kipande kimoja kizito kinachozama majini. Mguu ule ulikuwa umekufa. Maji yaliingia kwenye gia, meno yakalika, na tulipoufungua hapakuwa na cha kuokoa. Tukauagiza mwingine.

Kati ya mguu na boti kuna mpira wa mikunjo, mnene kama paja la mtoto, na shafti hupita ndani yake. Huo mpira ndio unaoyazuia maji yasiingie botini. Ukipasuka husikii kishindo. Boti inakunywa kidogo kidogo, watu wanacheka na kupigana picha, mpaka wanashtukia maji yako magotini.

Ndiyo maana baba alimpa Tanashati mpira.

Tanashati ndilo jina tulilompachika mchumba wangu hapa karakana, kwa viatu vyake vyeupe na mashati yaliyonyooka kama yametoka dukani muda huo huo. Alilipenda. Nami naitwa Spana tangu nikiwa na miaka sita, na sitasema ni kwa nini, maana anayeniona anaelewa. Baba hakumkatalia kuniposa. Alimwekea sharti moja tu. "Kijana, nimekusikia ukiongea, na unaongea vizuri," alimwambia. "Sasa nataka kuona kazi moja, moja tu, uliyoianza na kuimaliza kwa mikono yako mwenyewe." Akamkabidhi mpira mpya kwenye boksi lake, akamwonyesha wa zamani wa kuutoa, na klipu za kuubana.

Jumatano mchana kutwa Tanashati alituomba tumwache peke yake, eti akitazamwa anaona haya. Jioni alituita. Mikono ilikuwa myeusi mpaka viwiko na shavuni alikuwa na doa. Baba, ambaye goti lake halikunjiki tangu injini ilipomwangukia, aliinama alivyoweza na kumulika. Mpira mweusi, unang'aa. Alizima tochi, akampa mkono, akamwita "mwanangu" kwa mara ya kwanza. Ikapangwa Jumamosi familia zote mbili zipande boti ile, wakiwemo mama yake, baba yangu, na dada yake na kichanga chake cha miezi minne, ili tuzoeane kabla ya harusi.

Na mimi, jioni ile, nilifanya jambo ambalo sasa nikilikumbuka nataka kutema mate. Nilimnawisha.

Lazima nieleze. Mafundi tunatoa grisi kwa sukari na sabuni ya maji, unasugua mpaka ngozi inawaka. Siku tuliyofahamiana vizuri, Tanashati aliuvuta mkono wangu bombani, akamwaga sukari kiganjani, akaniosha kidole kimoja kimoja, polepole, huku macho yake yakiwa machoni mwangu. Hakuna mwanamume aliyewahi kuniangalia hivyo. Wengine walikuwa wakiangalia kucha zangu kisha wanaangalia pembeni. Tangu siku hiyo, kila akija, kwanza bomba, sukari, sabuni, ndipo maneno matamu. Nilikuwa nikisikia geti likilia moyo unaanza kwenda mbio kama wa mtoto wa shule. Basi Jumatano ikawa zamu yangu. Nilimwosha mikono yake myeusi, nikaifuta, nikavibusu viganja vyote viwili.

Sasa Alhamisi nimelala chali, nanusa viatu.

Niligusa mpira kwa kidole. Kidole kikatoka cheusi, chenye ute laini unaoteleza. Nikakinusa. Nikafungua mkunjo mmoja kwa vidole viwili, na ndani yake, chini ya ule mng'aro, kulikuwa na ufa mrefu wenye makombe madogo ya majini yaliyoota humo kama meno mabovu, na mdudu mwembamba, mweupe, akijivuta taratibu kurudi gizani. Klipu zilikuwa zile zile za zamani, vichwa vyake vimeliwa na kutu, havijaguswa hata na kucha. Nilitoka chini ya boti nikaenda kwenye pipa la taka. Chini ya matambara niliukuta mpira mpya, ukiwa bado kwenye nailoni yake.

Nilikaa juu ya kreti nikiwa nimeupakata. Sikulia. Nilikuwa na kinyaa tu.

"Spana, mbona kimya?" baba aliuliza kutoka mlango wa nyuma, kwenye kigoda chake anapochambulia bolti. "Winchi imekwama?"

"Winchi nzima, baba. Nawasubiri wenyewe."

Hawakuchelewa. Tanashati aliingia mbele, viatu vyeupe, miwani ya jua utosini. Nyuma yake mama yake, gauni la bluu, viatu vya ngozi laini na leso puani. Huyu mama hakuwahi kunificha kwamba hanitaki. Mara ya kwanza nilipompa mkono alinipa vidole viwili.

"Hodi, jamani," alisema ndani ya leso. "Leo hii harufu imezidi. Hivi mnakula humu humu?"

"Tunakula, mama. Karibu," nikamjibu.

"Mwanangu ameniambia leo mguu unapandishwa. Nikasema nije nione alichofanya mwanangu, maana tangu jana hatulali, ni mpira, mpira, mpira." Alinitazama mikono. "Na wewe, siku ya harusi hiyo mikono utaipaka nini?"

"Mama, ndo umeanza," Tanashati alisema akicheka. Akanisogelea na ile sauti yake ya chini. "Umeamkaje, fundi wangu? Njoo bombani kwanza."

"Bombani baadaye. Hebu nieleze, ule mpira uliufungaje?"

"Si nilieleza jana?"

"Ulimweleza baba. Mimi nieleze tena, napenda ukieleza."

Alijikohoza, akaegemea ubavu wa boti. Lazima nimpe haki yake, anajua kusimulia. Alisema jinsi mpira wa zamani ulivyogoma, alivyouvuta mpaka mgongo ukalia, alivyoupaka gundi ule mpya, alivyohesabu mpaka mia tatu ili gundi ishike. Mama yake alikuwa akitikisa kichwa kwa fahari. Baba alikuwa ameacha bolti zake, anatabasamu.

"Na klipu?" nikauliza. "Ulizifungua kwa kifaa gani?"

"Kwa bisibisi."

"Ipi? Bapa au ya nyota?"

Akasita kidogo tu. "Ya nyota."

Baba aliacha kutabasamu. Klipu za mpira ule zina kichwa cha pembe sita. Zinafunguliwa kwa spana, na hata mtoto aliyewahi kuzigusa mara moja anakumbuka. Nilimwona mzee wangu akiinua uso taratibu, kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoijua.

Niliingia chini ya boti na kisu. Dakika mbili hazikuisha nikatoka na kipande cha mikunjo miwili, nikakiweka mkononi mwa baba. Mpira mpya nikauweka juu ya meza, na nailoni yake.

"Ulikuwa kwenye pipa," nikasema.

Baba hakuangalia. Alifumba macho akakishika kile kipande, akapitisha dole gumba kwenye ufa, akafika kwenye makombe. "Jana nilimulika," alisema. "Sikushika. Miaka yote nakwambia ushike, usiangalie tu, na mimi nikaangalia tu." Sauti yake ilikuwa ndogo. Sijawahi kumsikia baba yangu na sauti ile, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mama yake Tanashati alisogea. Alitoa leso puani, akainama kwenye kiganja cha baba, akanusa. Akamgeukia mwanawe.

"Kopo langu," alisema. "Nimelitafuta tangu jana mchana. Lilikuwa jipya."

"Mama, subiri."

"Nililaumu mfanyakazi."

Tanashati alipanguza jasho kwa mgongo wa mkono. Akaniangalia mimi, si wao, na macho yake yalikuwa yale yale ya bombani, makubwa, ya unyevunyevu.

"Kulikuwa na kitu kinatembea mle ndani," alisema. "Spana, nilijaribu. Naapa. Nilifungua mkunjo mmoja, kikanitambalia kidoleni. Nikatapika. Pale nyuma ya pipa, mara mbili. Sikuweza kurudisha mkono mle. Unataka nifanyeje? Ningemwambia nini baba yako?"

Hapo nilikaribia kulainika, sitaki kudanganya. Nilimwona akilini mwangu akiinama nyuma ya pipa na shati lake jeupe, nikamwonea huruma.

"Kutapika si kosa," nikamwambia. "Mimi wiki yangu ya kwanza nilitapikia viatu vya baba. Ungekuja ukaniambia, Spana nimeshindwa, tungelala wote chini pale, mimi nashika, wewe unamulika. Baba angekucheka mpaka jioni, kisha angekupa kazi nyingine."

"Najua hilo sasa."

"Lakini wewe ukitoka kutapika ulikwenda nyumbani ukachukua kopo na brashi. Ukarudi ukalala chali, kwenye uchafu ule ule, ukapaka mkunjo mmoja mmoja. Ilikuchukua muda gani?"

Akatoa miwani utosini, akaanza kuifuta kwa pindo la shati.

"Muda gani?"

"Saa nzima. Na nusu."

"Mpira mpya unafungwa kwa saa moja. Na mikono jana? Mpaka viwiko?"

Aliangalia chini. "Ni dawa ya viatu pia."

"Nikaiosha," nikasema. "Nikaibusu."

Nilikwenda kwenye mlango wa nyuma nikatema mate. Kweli nilitema, mbele ya mama mkwe. Ladha ilikuwa imenirudia mdomoni kana kwamba ni jana jioni.

Niliporudi, mama yake alikuwa ameshachukua usukani. Alikuwa amekunja leso, ameiweka kwenye mkoba, na kwa mara ya kwanza alinishika mkono mzima, na grisi yake yote.

"Mwanangu," aliniita. Hajawahi kuniita hivyo. "Nisikilize. Kosa limeonekana, hakuna aliyekufa. Wewe unajua kazi, mikono yako hii ni dhahabu. Weka huo mpira mpya, funga mguu wako, Jumamosi tupande, tucheke, yaishe. Nani atajua?"

"Jumamosi mjukuu wako angekuwa mapajani mwako, mama. Katikati ya maji."

Usoni mwake kilipita kivuli, nilikiona. Lakini aliufinya mkono wangu zaidi.

"Ndiyo maana Mungu amekuleta wewe. Wanaume ndivyo walivyo, wanaanza, sisi tunamalizia. Baba yake alikuwa hivi hivi. Anaahidi watu, mimi natekeleza. Anavunja, mimi naunganisha. Miaka thelathini nimemalizia, na nani aliyejua? Watu walimzika wakimsifu. Utazoea. Usifikiri mimi sikuona kinyaa mwanzoni."

Alisema hayo kwa upole kabisa, kama anayenifundisha kupika. Hakuwa na ubaya. Hapo ndipo kile kinyaa changu, kilichokuwa kinazunguka ndani yangu kikitafuta pa kukaa, kilipopata pa kukaa. Kumbe alichokuwa akinikatalia siku zote ni grisi tu. Hiyo kazi nyingine, ya kumalizia, alikuwa amenitunzia.

Nikautoa mkono wangu taratibu.

"Mama, boti nitaimaliza. Boti haina kosa. Nitaweka mpira, nitaweka mguu, nitaijaribu mwenyewe majini, na mtakuja kuichukua. Ila harusi, hapana."

"Spana," Tanashati aliita. Alipiga hatua moja kunijia, akaiona mikono yangu ya grisi, akarudi nyuma bila kuangalia, na kisigino chake kikapiga beseni la oili. Beseni likapinduka. Ule uji mweupe uliooza ulitambaa sakafuni, mzito, ukinuka kuliko Jumanne, ukatugawa: mimi, baba na ukuta wa vifaa upande huu, yeye na mama yake upande ule. Tanashati aliruka akasimama juu ya chuma cha trela, mikono hewani, akiangalia soli za viatu vyake kama vilikuwa vimepona.

"Usiseme hivyo," alisema kutoka kule juu. "Nakupenda. Unajua nakupenda. Mimi ndiye niliyekuwa nakuosha mikono hii, nani mwingine alifanya hivyo?"

"Hakuna," nikamjibu. Na nilipokuwa nasema ndipo nilipoelewa. "Hujawahi kunishika kabla ya kuniosha. Hata siku moja. Mimi nilidhani ni mapenzi."

Hakukana. Laiti angekana. Nilikuwa bado nampenda, wasomaji wangu mnisamehe, nilimwona pale juu ya trela na shingo yake nzuri na nywele zake zilizochongwa, na bado sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa inamwambia shuka, pita kwenye huo uchafu, njoo unishike hivi hivi nilivyo. Angepita hatua tano tu, sijui ningefanya nini.

"Pete yako ipo pale," nikasema badala yake.

Sisi hatuvai pete kazini. Inanaswa, inaondoka na kidole. Kwenye ukuta wetu kila kifaa kina msumari wake na kivuli chake kilichochorwa kwa rangi, ili kinachokosekana kionekane. Siku niliyovishwa pete, baba alipiga msumari mdogo pembeni ya spana zangu, akachora kiduara chekundu kuuzunguka. Pete ilikuwa inaning'inia humo asubuhi hiyo, inang'aa.

"Njoo uichukue," nikamwambia.

Tanashati aliiangalia pete. Akaangalia sakafu. Akaangalia viatu vyake. Baba naye alikuwa anamwangalia, na nadhani mzee, kwa moyo wake, alikuwa bado anampa nafasi. Oili ilikuwa inafika kwenye miguu ya kigoda.

"Huna hata ubao wa kukanyagia?" Tanashati aliuliza.

Ndipo mama yake alipoguna. Aliinua pindo la gauni la bluu kwa mkono mmoja, akaingia kwenye oili. Alipita katikati, viatu vyake vya ngozi vikizama na kutoa mlio wa kunyonya, mgongo wake umenyooka kama mtu anayepita mbele za watu msikitini au kanisani. Alifika ukutani, akaitoa pete msumarini. Alipogeuka tulikuwa uso kwa uso. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na midomo ilikuwa imebanwa, na nikajua kwamba amejiona. Alijiona pale, nami nikamwona, na wote wawili tuliona kwamba ni miaka thelathini.

"Basi, mama," nikamwambia taratibu. "Inatosha."

"Usinionee huruma," alinijibu kwa sauti ya chini, ili mwanawe asisikie. Kisha akarudi kwa njia ile ile, akaifuta pete kwa leso yake nzuri, akaiweka kiganjani mwa Tanashati.

"Mama, viatu vyako," Tanashati alisema.

Mama yake alishaligeukia geti. Walitoka. Tanashati alizunguka kwenye sakafu kavu ya upande wao, akiwa ameshika pete. Nilisubiri mpaka geti likalia, nikaegemea ile boti nikalia na mimi, kwa sauti, bila kujificha. Baba alijiburuta na goti lake mpaka kwenye gunia la vumbi la mbao, akaanza kulimwaga juu ya oili, konzi kwa konzi.

"Lete mpira," alisema baada ya muda. "Leo nashika mimi, wewe unamulika."

Nilijipangusa pua kwa kiwiko. Kabla ya kuinama nilitazama sakafuni kuelekea getini. Nyayo nyeupe za oili zilikuwa zimekwenda ukutani, zikarudi, zikatoka nje. Zote zilikuwa za mtu mmoja.